Mguu wa Nakiru Haukupona kwa Siku Moja

Waliokuwepo ni hawa, na nawataja kwa majina kwa sababu juzi, tulipomzika Nakiru, walitajwa wengine. Nilikuwepo mimi, Arot, niliyebatizwa Marta, mke wa kwanza wa Ewoi. Alikuwepo Nakiru mwenyewe, mke wa pili wa Ewoi, mwenye mguu. Alikuwepo Ewoi, mume wetu, kwa namna yake ya kuwepo, yaani ameketi juu ya kigoda chake akitazama mbuzi. Alikuwepo Nasike, mke wa ndugu yake Ewoi, ambaye yuko hai mpaka leo na ana meno yote. Alikuwepo mzee Simoni, mzee wa kanisa letu pale Kakuma. Alikuwepo Achol, mkimbizi kutoka Sudan, mjane, jirani yetu kwa upande wa kambi. Na kule Lodwar alikuwepo muuguzi mmoja aliyeitwa Jane, na Halima Msomali aliyeuza chai nje ya lango la hospitali. Basi. Wengine wote waliosimama juzi wakasema walikuwepo, hawakuwepo, na wengine walikuwa bado hawajazaliwa.

Mchungaji ni kijana, simlaumu sana, alisoma alichopewa. Alisoma wasifu wa marehemu akasema Nakiru alikuwa kiwete baada ya ajali ya lori, na kwamba Jumapili moja wazee wa kanisa wakiongozwa na marehemu mzee Simoni walimwombea, na saa ile ile akasimama akatembea. Watu wakapiga makofi. Nasike akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeketi mbele kwenye kiti cha plastiki, na mjukuu wangu akanishika mkono kwa nguvu maana ananijua. Sikuinuka. Msiba si mahali pa kugombana. Lakini tangu siku hiyo nimekasirika. Sikasiriki kwa sababu Mungu alisifiwa, asifiwe kila siku. Nakasirika kwa sababu Mungu aliyefanya kazi na sisi mwaka mzima, aliyelala sakafuni na mimi, aliyebeba beseni la mgonjwa na mimi, amelipwa kibarua cha siku moja.

Nisianze na baba yangu na mama yangu wala na mahari, hayo hayausaidii mguu. Nianze na lori. Ilikuwa miaka ya tisini, kambi ilikuwa bado changa na Wasudani walikuwa bado wanajenga nyumba zao za udongo. Nakiru alipanda lori la makaa kwenda Lodwar kuuza vikapu, akaketi juu ya magunia pamoja na wengine. Kwenye ukingo wa laga moja, mto mkavu ule wa kuvukwa na gari, lori likalala ubavu. Wengine walichubuka. Nakiru alirushwa, na magunia yakamfuata. Paja lilivunjika juu kabisa, karibu na nyonga, na shingo haikugeuka. Ewoi alikuwa mbali milimani na mifugo, mama yake Nakiru alikuwa ameshakufa. Kwa hiyo nikaenda mimi. Wako waliouliza kwa nini nilikwenda mimi, mke mwenza. Niliwajibu wakati ule kwamba hapakuwa na mwingine. Leo nimezeeka naweza kusema vizuri zaidi: nilimpenda. Alipoletwa kwetu akiwa msichana nilikusudia kumchukia, nikajitahidi kabisa, nikashindwa kwa sababu ya kile kicheko chake.

Chumba cha wanawake pale hospitalini kilikuwa kirefu, kina madirisha juu, na joto lilikaa ndani kama mgeni asiyeaga. Mguu wa Nakiru waliufunga kamba, kamba ikapita juu ya gurudumu dogo la chuma mwisho wa kitanda, na chini yake ukaning'inia mfuko wa mchanga uuvute mfupa ukae sawa. Jane alinieleza kwamba mfupa utajiunga kwa wakati wake, si kwa wakati wetu, na kazi yangu ni ngozi. Asipogeuzwa atapata vidonda vya kulalia. Basi nikawa namgeuza kidogo kidogo, nampangusa mgongo, namkanda kisigino, namshikia beseni. Asubuhi ulikuwa uji, mchana ugali na maharagwe, na mimi nililala sakafuni kati ya kitanda chake na kitanda cha mama mmoja kutoka Lokichar aliyekuwa amevunjika mkono. Mama huyo alinipenda sana siku za kwanza, akaniuliza kama mgonjwa ni dada yangu. Nikamwambia ni mke mwenzangu. Halafu nikamwona, polepole, anavuta kikombe chake cha uji karibu na kifua.

Nakiru aliona, akacheka mpaka mfuko wa mchanga ukatikisika. Akaniambia kwa Kiturkana, kwa sauti ya kusikika, kwamba niharakishe kumtilia sumu kwa sababu maharagwe yamemchosha. Ndivyo alivyokuwa. Nilipoomba, na niliomba kila asubuhi kabla ya uji kwa maneno niliyokuwa nayo, maana kusoma sikujua, alinisikiliza jicho moja limefumbwa. Hakuwa amebatizwa. Alimwita Mungu Akuj kama mama zetu walivyomwita, na mimi nilimwita Akuj na Bwana Yesu kwa pumzi moja. Siku moja aliniambia, "Arot, ukiomba wewe Mungu anasinzia. Mwambie mguu, basi. Hayo ya mbuzi wa kaka yako mwache apumzike." Tangu siku hiyo nikaomba mguu tu. Nilimwombea kidole gumba kwanza, akakitikisa. Nikaombea kifundo. Jane alikuwa amemwonyesha namna ya kukaza paja bila kuliinua, na nilikuwa nasema "amina" anapokaza. Hiyo ndiyo ibada yetu. Haikuwa na kinanda.

Sasa nieleze habari ya shanga, kwa sababu mambo yote yaliharibikia hapo. Vijana wa leo wanavaa shanga wakija wageni, wageni wakiondoka wanavua. Mwanamke wa Kiturkana wa wakati ule hakuvua. Alilala nazo, alijifungua nazo, alichota maji nazo, zimepanda kutoka mabegani mpaka kidevuni, zimepakwa mafuta. Ukiona shanga zote zimetoka shingoni kwa pamoja, ujue ni kifo, chake au cha mume wake. Daktari alitaka picha ya mifupa ya shingo, na shanga zingeziba. Jane hakuamuru, aliomba, akaeleza. Nakiru akasema nizitoe mimi, mtu mwingine asimguse shingo. Nikazitoa moja moja, nyingine nikakata uzi. Zilikuwa na vumbi la makaa na damu iliyokauka. Shingo yake ilibaki nyeupe na nyembamba kama ya mtoto, sikuweza kuitazama. Nikazifunga ndani ya kitambaa nikaenda nazo mtoni Turkwel kuziosha.

Niliketi pale kwenye maji nikaziosha uzi baada ya uzi, na nikalia. Sikulia kwa sababu amekufa. Nililia kwa uchovu, kama mtu yeyote anayelala sakafuni. Na siku hiyo, kati ya siku zote, Nasike alikuwa anapita Lodwar na samaki wakavu aliowatoa Eliye, kule ziwani. Aliniona kwa mbali: mke mwenza, peke yake mtoni, shanga zote za Nakiru mapajani, machozi. Aliona haya kunisogelea. Aligeuka, akapanda gari la kwanza lililokuwa linakwenda Kakuma, na kabla shanga hazijakauka Nakiru alikuwa ameshakufa nyumbani.

Mimi sikujua. Nilirudi wodini na shanga safi, nikaziweka chini ya mto wake. Picha ikaonyesha shingo haikuvunjika, tukamshukuru Mungu. Lakini ilibidi zisirudishwe bado, maana shingo iliuma kwa uzito. Tukakaa. Hakuna mtu aliyekuja kutoka nyumbani, wala salamu. Nilimkasirikia Ewoi, nikamtukana kimoyomoyo kila nilipokanda kile kisigino. Nakiru akamtetea kwamba amewapeleka mbuzi mbali kufuata majani, utamlaumu mtu kwa sababu ya mvua? Nikatoka nje kwa Halima kutuliza moyo. Halima alinipa chai ya maziwa ya ngamia, akasema na yeye ana mke mwenza, yuko Garissa, na kwao akimsaidia mke mwenza hakuna anayeshangaa. "Wanashangaa nikimsaidia bwana," akasema. Nikacheka nikarudi ndani. Sikujua kwamba kule nyumbani watu walikuwa wananizungumza. Kama Nakiru amekufa na Arot harudi, Arot anaogopa nini? Mke mwenza aliyekwenda kumuuguza mke mwenza. Amemmaliza. Kutokurudi kwangu ndiko kulikuwa ushahidi.

Waliufungua mguu mvua za kwanza zilipokuwa zimepita. Ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake, kama fimbo ya kuchungia, lakini mfupa ulikuwa umejiunga. Wakatupa magongo mawili, na daktari akasema sasa kazi ni yake mwenyewe, kutembea kila siku, maumivu yatakuwepo. Nakiru alikuwa na hamu. Njia nzima ya kurudi Kakuma, amelala kwenye godoro nyuma ya gari, alikuwa anapanga: kwanza mpaka mlangoni kwake, halafu mpaka zizini, halafu mpaka kisimani. Alikuwa anapanga kwa furaha kama mtu anayepanga harusi.

Tulifika mchana. Ewoi alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa kimenyolewa. Nasike alikuwa anapita na kuni, kichwa kimenyolewa. Aliponiona alisimama, alipomwona Nakiru aliziacha kuni zikaanguka. Na pale ilipokuwa akai ya Nakiru, kibanda chake alichokisuka kwa mikono yake mwenyewe, palikuwa na duara la mchanga na miti michache imelala. Nakiru alijiinua kwa viwiko, akamtazama mumewe kichwa.

"Nani amekufa?" akauliza.

Ewoi akatazama mbuzi. Nakiru akauliza tena, akitaja majina, mama mkwe, watoto, mmoja mmoja, na kila jina watu wakatikisa kichwa. Mwisho Nasike akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejibu swali la shule, "Ni wewe."

Nimeona mambo mengi lakini sijaona uso kama ule. Sikumwacha Nasike akanushe wala aeleze, niliuliza palepale nani aliyekuja Lodwar kuuona mwili, nani aliyemwuliza muuguzi, nani aliyevuka hata barabara kuniuliza mimi niliyekuwa nimeketi mtoni kama jiwe. Nasike akasema, nilikuona na shanga. Nikamwambia, kwa hiyo shanga zikisafishwa mtu anakufa? Akalia. Mimi mpaka leo machozi yale sikuyahesabia kitu. Watu husema nilikosea kuziosha mahali pa wazi. Sikukosea. Nilikuwa naosha damu ya mtu niliyempenda. Aliyekosea ni aliyeona akakimbia bila kuuliza, na wote waliobomoa nyumba ya mtu kwa neno la mpita njia.

Nilimlaza Nakiru katika akai yangu. Nikamwachia usiku upite, asubuhi nikamletea magongo. Hakuyashika. Aligeukia ukutani. Siku iliyofuata vilevile. Alikula kidogo, alijibu salamu, lakini mguu ule tuliouombea kidole kwa kidole akauacha ulale. Nilimsihi, nilimtania, nilimgombeza. Akaniambia, "Wameshanililia, Arot. Nitembee niende wapi?" Na kweli, mtu aliyekwisha kuliliwa watu humwogopa. Wanawake walipita mbali na mlango wangu. Watoto walikatazwa kula katika chombo alichotumia yeye. Kwa desturi ilikuwa ni lazima achinjwe mbuzi, na waliomlilia wampake yale majani ya tumboni mwa mbuzi na kumrudishia shanga kwa mikono yao, ndipo ahesabiwe tena kati ya walio hai. Nilikuwa nazo shanga. Nilijaribu kumvisha mwenyewe, akanisukuma mkono. "Kwa walio hai sikutolewa na wewe," akasema. "Aliyenitoa ndiye anirudishe."

Nikaenda kwa Nasike. Nasike alikuwa mshirika wa kanisa kama mimi, tulibatizwa siku moja, na akaniambia hawezi kushika majani ya tumboni, mzee Simoni amekataza mambo ya giza. Nikasema sawa, basi kanisa lije limwombee, kanisa limrudishe. Nikaenda kwa mzee Simoni. Alikuja, simnyimi hilo, alikuja akaketi mlangoni na kofia yake juu ya goti. Alimwuliza Nakiru hali, akakohoa, kisha akaniita nje kidogo, lakini kuta za majani hazina siri na Nakiru alisikia yote. Akasema kanisa haliwezi kumtaja katika maombi mtu anayeishi kama mke wa pili, kwa kuwa hiyo ni dhambi inayoendelea. Akasema ajali yenyewe huenda ni sauti. Kumbe alikuwa ameshahubiri hivyo walipodhani amekufa, nililijua baadaye. Akasema njia iko wazi: Nakiru amwache Ewoi, arudi kwa kaka zake kule Lokitaung, na kanisa litafunga na kuomba.

Nilimwuliza, "Mzee, aende na miguu gani? Miguu ndiyo tunayoiomba."

Akasema nisifanye mzaha na mambo ya Mungu. Sikuwa nafanya mzaha. Nimelifikiria lile neno lake miaka yote hii na bado halijanitoka. Watu wa desturi walisema haguswi mpaka mbuzi, watu wa kanisa walisema mbuzi ni giza, na kanisa lenyewe halimwombei mpaka atembee aondoke. Kila mlango ulikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa anakula vizuri. Na katikati amelala mwanamke, mguu unasinyaa. Simoni ameshatangulia, simsemi marehemu kwa ubaya. Nasema alichosema.

Aliyekuja bila masharti ni Achol. Alikuwa ananunua kuni kwetu, na jioni ile alinikuta nimeketi nje naongea peke yangu. Nilipomweleza alinisikiliza, mrefu, amesimama na kuni kichwani, halafu akaziweka chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota kambini. "Mimi hapana uliza yeye bibi ya ngapi," akasema. "Rabuna fi. Twende omba." Hilo ni neno la Kiarabu chao cha Juba, maana yake Mungu yupo. Akaingia akainama, akamshika Nakiru mguu, si kichwa, mguu, akaomba kwa Kidinka kwa muda mrefu. Hatukuelewa hata neno moja. Nakiru aligeuka kutoka ukutani kumtazama. Achol alipomaliza alisema kwao yeye pia alililiwa, walipotengana njiani na watu wake, alikuta wamemlilia na kumaliza. Nakiru akamwuliza alifanya nini. Achol akasema alikula, maana chakula cha matanga kilikuwa bado kipo. Hicho kilikuwa kicheko cha kwanza cha Nakiru tangu turudi.

Usiku huo niliamua. Sikuota ndoto wala sikusikia sauti. Nilimwambia Ewoi achague mbuzi. Ewoi, ambaye sikumwona akiamua jambo hata moja katika ndoa yangu yote, aliinuka kigodani akaenda zizini akarudi na mbuzi amemshika pembe, kana kwamba alikuwa amengoja tu mtu aseme. Nikaenda kwa Nasike mara ya pili. Sikumsihi. Nilimwambia kesho asubuhi mbuzi anachinjwa, na kwamba yeye ndiye aliyeona shanga mtoni, basi aje amalize alichokiona. Alikuja. Alikuja amejifunika shuka kichwa kizima ili watu wa kanisa wasimtambue, kama kuna mtu Kakuma asiyeijua miguu ya Nasike. Ewoi akachinja. Mimi nikaomba kwa jina la Yesu juu ya mbuzi yule, kwa sauti, na sioni haya. Nasike akachota majani ya tumboni akampaka Nakiru kifuani, tumboni, na mguu wote kutoka nyongani hadi kidoleni, halafu akamvisha shanga uzi wa kwanza, na wanawake wengine wakajitokeza mmoja mmoja wakavisha zilizobaki. Nakiru alikuwa amefumba macho. Alipofumbua alimwambia Nasike, "Sasa nenda kaote nywele." Watu wakacheka, hata Ewoi. Kesho yake, kabla sijawasha moto, nilisikia gongo linagonga kizingiti.

Habari zilifika kanisani kabla nyama haijaisha. Wazee wakanitenga na meza ya Bwana, mimi, kwa jina langu, Marta. Nasike hakutajwa. Nilikuwa naketi nyuma Jumapili baada ya Jumapili, sahani ikinipita, na Nasike ameketi safu ya pili, mikono amenawa, kitambaa kichwani kuficha nywele zilizoanza kuota, anaimba kuliko wote. Sikumtaja. Nilijua nikimtaja hatatusaidia tena, na bado nilihitaji mtu wa kukaa na watoto.

Kwa maana kazi ndiyo ilikuwa imeanza. Tulikwenda laga ya Tarach kila siku jua likipoa, kwa sababu mchanga ni laini na ukianguka hauumii. Nakiru alianguka mara nyingi. Aliangukia upande wa mguu mzima, mimi nikishika shuka lake kwa nyuma kama mtu anayeshika ndama, Achol akitembea mbele kinyumenyume akimpigia makofi na kuimba nyimbo za kwao. Kulikuwa na siku nyonga ilivimba hatukwenda. Kulikuwa na siku alinitupia gongo. Kulikuwa na siku mimi ndiye niliyekaa chini nikasema Mungu ametuacha, na yeye ndiye aliyesema niinuke, mchanga umepoa. Wanawake waliokuwa wanachimba maji lagani walimkejeli mwanzoni. Mmoja alisema maiti anakuja kuteka maji. Nakiru alimjibu, "Maiti ana kiu, sogea." Tangu siku ile walimsogezea. Akawa anafika kisima cha kwanza, baadaye cha pili. Akaacha gongo moja. Likabaki moja, halafu likawa fimbo tu. Huo ndio muujiza, na ulichukua kiangazi kizima, na waliouona ni wanawake wenye mitungi, wala hakuna aliyewauliza juzi waje waseme.

Ndipo ikaja Jumapili ile yao. Mvua zilikuwa zimekaribia tena. Wazee waliniita mbele nitubu mambo ya mbuzi hadharani, ndipo nirudishwe. Nilisimama pale mbele. Mzee Simoni aliniuliza kama najuta. Nilikuwa natafuta maneno, kwa sababu nilitaka sana ile meza, nisidanganye, niliitaka, na nilijua pia kwamba nikisema najuta nitakuwa nimemrudisha Nakiru kwa wafu. Akauliza tena. Nikasikia watu wanageuka nyuma. Nakiru alikuwa mlangoni. Alikuwa amevuka laga na kupanda ile njia yote ya mawe na fimbo moja, shanga zake shingoni, na Achol nyuma yake. Alikuja katikati ya mabenchi polepole, akichechemea, akafika niliposimama, akamwambia mzee Simoni, "Nimekuja kumchukua mwenzangu. Mmemkalisha sana, na mitungi haijajaa."

Aliyepiga kigelegele cha kwanza ni Nasike. Kanisa lote likafuata. Mzee Simoni akainua mikono juu akasema Bwana amemponya leo. Mimi nikasema, "Leo?" Hakuna aliyesikia. Watu walikuwa wanalia, wanaimba, wanainama kuugusa mguu, na Nakiru anajaribu kujifunga shuka na kuwaambia wauache unauma. Meza ya Bwana nilirudishiwa siku ile ile, bila toba na bila neno, maana nani angekumbuka mbuzi siku ya muujiza. Hawakunisamehe wala hawakuniomba msamaha. Walinisahau tu, wakaendelea kuimba.

Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kwa mwendo ule nyonga ilivimba, Nakiru akalala siku nyingi hawezi kukanyaga. Hakuna aliyekuja kutoka kanisani. Kwa nini waje, si amepona? Walipomwona baadaye na fimbo wakaanza kunong'ona kwamba hana imani, kwamba anaupoteza muujiza kwa kuchechemea. Mtu anachechemea kwa imani gani? Alitumia fimbo mpaka alipokufa. Alifua, alisuka vikapu, alizaa watoto wengine wawili, alichota maji, yote kwa fimbo. Kama aliponywa ile Jumapili, fimbo ilikuwa ya nini? Nilimwuliza yeye mwenyewe jambo hilo tukiwa wazee, kama nisimame niseme kanisani ukweli ulivyokuwa. Akasema niwaache, wanafurahi. Akasema, "Wewe unajua, mimi najua, Akuj anajua. Watatu si wachache." Lakini sasa ameondoka, tumebaki wawili, na mmoja wetu ni mzee na anasahau mahali alipoweka ugoro.

Basi nimesema, na mjukuu wangu ameandika. Wanaojua zaidi wanisahihishe. Sina hakika kama yule mbuzi alikuwa mwenye shingo nyekundu au wa kijivu. Ewoi alipokuwa hai alishikilia kwamba ni wa kijivu, na Ewoi alijua mbuzi kuliko watu. Sina hakika kama Jane alikuwa wa Kitale au wa Kapenguria. Watoto wa Halima, kama bado mko Lodwar, mniambie kama mama yenu aliwahi kuwatajia wanawake wawili wa mguu. Achol alirudi kwao, nami sikupata habari zake tena. Anayejua alipo, aniambie kama bado anaimba. Na wewe Nasike, uko hapo tu ng'ambo ya laga, na mjukuu wako anajua kusoma, akusomee haya taratibu. Kama nimekosea jambo lako hata moja, njoo. Chai ipo. Njoo uketi hapa nilipokaa na unionyeshe ni wapi nimesema uongo.